Tunataniana Tu, Mwalimu

Sentensi hiyo huifikia ofisi ya malezi kabla ya kesi yenyewe. Kalamu zimechukuliwa, nauli imechukuliwa, mtoto amezomewa tangu mstarini hadi mapumziko ya saa nne, na ukiwaita wahusika jibu ni moja: "Tunataniana tu, mwalimu." Aliyeonea hulisema, waliosimama pembeni hulirudia, na mara nyingi aliyeonewa naye hulisema, macho yakiwa chini.

Sisi ambao kazi yetu ni unasihi wa vijana katika sekondari za kutwa za Dar es Salaam tumejifunza kuisikiliza sentensi hiyo kwa makini kuliko hata maelezo ya tukio. Maelezo ya tukio hubadilika kila mtu anapoingia ofisini. Sentensi haibadiliki, na ndani yake kijana anaonyesha namna alivyoilaza dhamiri yake ili mkono uendelee na kazi.

Watu wazima wengi huamini kwamba mwonevu ni mtoto asiye na dhamiri. Mpe huyo huyo karatasi, umwulize kama ni haki kumnyang'anya mdogo nauli yake ya shilingi 200. Ataandika kwamba si haki, atatoa sababu, na huenda akataja mafundisho ya dini aliyolelewa nayo. Anamaanisha anachoandika. Jioni yake yumo kwenye kundi lililomzunguka mtoto wa kidato cha kwanza pale kituoni. Kumhubiria kwamba kuonea ni vibaya ni kumwambia analolijua. Kinachotakiwa ni kujua dhamiri yake ililala vipi kati ya darasani na kituoni, kisha kuiamsha kwa njia ile ile iliyoilaza, yaani kwa maneno.

Mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliyefariki mwaka 2021, alitumia miaka mingi kueleza jambo hili. Alitaja njia 8 ambazo mtu mwenye maadili huzitumia kufanya ubaya bila kujisikia vibaya: kuupa ubaya jina zuri, kujilinganisha na ubaya mkubwa zaidi, kumtupia mzigo mkubwa wake, kuugawa mzigo kwa kundi, kumlaumu aliyeumizwa, na nyinginezo. Katika shule zetu njia hizo hazina uzito sawa. Iliyo nzito kuliko zote ni hii ya jina zuri, na jina lenyewe ni utani.

Neno hilo lina nguvu kwetu kwa sababu utani ni kitu cha kweli na cha heshima. Mngoni na Mnyamwezi ni watani, Mchaga na Mpare ni watani, na hakuna anayeshangaa mmoja akimwambia mwenzake maneno ambayo yangezua ugomvi yakitoka kwa mtu mwingine. Ila utani una kanuni, na wazee wanaziheshimu. Unarudishwa: ukinitania leo, nitakutania kesho, mbele ya watu wale wale. Una mahali pa kukomea. Tena una wajibu, maana mtani ndiye anayefika msibani mapema, anachekesha wafiwa wapate kupumua, na anashika kazi ambazo wafiwa hawawezi kuzishika. Kijana anayesema "tunataniana" ameazima jina la desturi hiyo akaziacha kanuni zake nyumbani.

Kwa hiyo tunamrudishia kanuni. Maswali ni matatu, nayo huulizwa kwa sauti ya kawaida. Yeye naye hukutania hivyo hivyo, mbele ya watu hao hao? Akisema basi, mnaacha? Siku asipofika shule, nani kati yenu humpelekea daftari anakili? La kwanza hujibiwa haraka, la pili hujibiwa kwa kusitasita. Kwenye la tatu wengi hunyamaza, na ukimya huo usiukatize.

Maswali hayo yanagusa kipimo alichokitoa Dan Olweus, Mswidi aliyefanya kazi Bergen nchini Norwei na aliyeanza kuchunguza uonevu wa shuleni miaka ya 1970. Kwake uonevu una sehemu tatu: kukusudia kumuumiza mtu, kurudiarudia, na nguvu zisizolingana. Ya tatu ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa watu hutafuta misuli. Nguvu Dar es Salaam ni vitu vingi. Kuwa watano dhidi ya mmoja ni nguvu. Vilevile kukaa mtaa ule ule wa shule wakati mwenzako anatoka Chanika kwa daladala mbili, kukijua Kiingereza, kuwa kiranja, kuwa na simu yenye kamera nyumbani, au kuijua siri ya familia ya mtu.

Aliyeonewa anaposema "ni utani tu", hilo lisichukuliwe kuwa ushahidi wa lolote. Ana miaka 14, na akikiri kwamba anaonewa amekiri kwamba hana rafiki. Akiita utani, bado anajihesabu kuwa ndani ya kundi, hata kama nafasi yake humo ni ya kuchekwa.

Ukitaka kujua mahali palipoharibika kabla ya kesi yoyote kuletwa, simama mlangoni mahudhurio yanapoitwa. Jina halisi likitajwa darasa likaguna au kucheka, jina hilo limeshakufa na lingine limezaliwa. Jina la kubandikwa hutokana na rangi, mwili, kigugumizi, mkoa aliotoka, na hasa neno la Kiingereza lililomteleza mtu. Hili la mwisho tunalikuta kila mwaka. Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, Januari anaingia kidato cha kwanza anatakiwa kujibu kwa Kiingereza, anatamka neno moja kombo, darasa linalipuka, na kufikia Machi neno hilo ndilo jina lake. Baada ya hapo kinachopigwa, kinachofichiwa begi na kinachomwagiwa maji ni lile jina, na mikono inakuwa myepesi kwa sababu nyuma ya jina haonekani mtu mwenye mama.

Mwalimu aliyecheka siku ile, hata kwa bahati mbaya, ameshiriki bila kujua. Vijana hutuambia waziwazi: "Hata mwalimu anamwita hivyo." Ni kutupa mzigo kwa mkubwa, na mkubwa amejitolea kuubeba. Kinachosaidia ni jambo dogo linalohitaji kushikiliwa muhula mzima: walimu wote wa darasa hilo wakubaliane kumwita kila mwanafunzi kwa majina yake mawili, na neno lililokosewa liandikwe ubaoni kama neno la kujifunza, bila kutaja aliyelikosea. Mwalimu mmoja akivunja makubaliano, kazi ya wengine saba inabomoka. Tumeona ni vizuri kuwauliza walimu hilo kwenye kikao, kwa upole, kabla ya kuwauliza wanafunzi lolote.

Maneno mengine mawili yanastahili kusikilizwa. "Amejitakia" huja na ndugu zake: anajishaua, anajifanya msomi, ana kiherehere, mnoko, alimchoma mwenzake kwa mwalimu wa nidhamu. Hatari yake ni kwamba watu wazima hulipokea. Mzazi anauliza, "Na wewe uliwafanya nini?" Swali hilo linawafariji wote isipokuwa mtoto. Kama amejitakia, basi anayetazama yuko salama kwa kuwa yeye hajajitakia. "Na sisi tulifanyiwa" ni la njuka, yaani wanafunzi wapya. Huvuma zaidi mabwenini, lakini hata shule za kutwa limo: kidato cha tatu wanawatuma wapya maji, wanawapokonya viti, wanawadeikisha vyoo ambavyo si zamu yao. Wanadai deni kwa mtu ambaye hakukopa. Njia ya kulivunja ni kupunguza mianya, na mwanya mkubwa ni madaraka ya viranja. Andika ukurasa mmoja wa kazi za kiranja, na sentensi ya kwanza iwe hii: kiranja huandika jina na kosa, hatoi adhabu yoyote. Ubandikwe kila darasa, hasa la kidato cha kwanza, ili njuka naye ajue.

Halafu kuna "sikuwa peke yangu". Mtafiti Christina Salmivalli wa Finland na wenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba uonevu darasani una nafasi kadhaa: anayeanza, wanaomsaidia, wanaochochea kwa kicheko, wanaojitenga, wanaomtetea aliyeonewa, na aliyeonewa mwenyewe. Anayeanza ni mmoja au wawili. Anacholipwa ni kicheko, na wenye kicheko ni wengi. Wengi wao hawapendi wanachokiona, lakini kila mmoja anadhani yuko peke yake kutokupenda, kwa sababu anawaona wenzake wakicheka, na wenzake wanamwona yeye akicheka.

Hapa ndipo tunapotumia nguvu zetu nyingi kuliko kwa mwonevu. Watafiti wa Kanada walirekodi kwa kamera watoto wa shule za msingi wakiwa viwanjani, na mwaka 2001 wakatoa matokeo: wenzao walikuwepo katika matukio 88 kati ya kila 100 ya uonevu, lakini waliingilia katika 19 tu. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo, asilimia 57, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Wale walikuwa wadogo kuliko vijana wetu, na kwa kijana wa kidato cha pili kuingilia kuna gharama kubwa zaidi. Kwa hiyo hatuwaambii wamkabili mwonevu. Tunawafundisha kumchomoa mwenzao. Mmoja anapita na kusema, "Twende, unaitwa," au "Nisindikize bombani," bila kumtazama mwonevu wala kumjibu. Waende wawili, maana mmoja hugeuziwa kibao. Asiyethubutu hilo ana kazi nyingine: asicheke, aondoke. Na aliyeshindwa vyote, jioni akae kiti kimoja na yule mwenzake kwenye daladala. Hilo la kiti mara nyingi humpa mtoto nguvu kuliko utetezi, kwa kuwa mchunio, ule wa darasa zima kutokukusemesha, huumiza kwa muda mrefu zaidi ya makofi.

Ili ujue ulipo uonevu usiulize "nani anaonewa?" mbele ya darasa. Gawa vipande vya karatasi vilivyo sawa, bila majina, dakika 10. Maswali mawili yanatosha: ni sehemu gani ya shule au ya njiani usiyopenda kupita peke yako, na saa ngapi? Ni nani wiki hii hakuwa na mtu wa kukaa naye? Asiye na jibu aandike alichokula jana, ili kalamu zote ziwe zinatembea na asionekane anayeandika sana. Kusanya mwenyewe, usimpe kiranja, na usisome ukiwa darasani. Mahali palipotajwa mara tatu au zaidi panahitaji mtu mzima asimame hapo. Mara nyingi ni nyuma ya vyoo, foleni ya bomba, darasani kati ya kipindi na kipindi mwalimu anayefuata akiwa hajaingia, na zile mita chache kati ya geti na kituo. Mwalimu wa zamu akisimama getini dakika 15 baada ya kengele ya mwisho, sehemu hiyo hutulia. Akikaa ofisini hakuna kinachobadilika, hata ratiba ya zamu iwe nzuri vipi.

Mazungumzo na wahusika yana mpangilio wake. Anatol Pikas wa Sweden ndiye aliyejenga njia ya kuongea na kila mmoja peke yake bila kuanza na shutuma, nasi tunaifuata katika mambo makuu. Waite wakati wa vipindi, kwani wakati wa mapumziko kundi husimama dirishani. Waite mfululizo, mmoja akitoka mwingine anaingia, wasipate nafasi ya kupanga jibu. Anza na yule ambaye wengine humfuata. Dakika 7 hadi 10 kila mmoja. Kaa upande wa meza, msitazamane kama mahakamani. Sentensi ya kwanza ni, "Nimesikia fulani ana wakati mgumu darasani. Wewe unajua nini?" Kisha nyamaza. Hesabu moyoni hadi 20 kabla ya kuongeza neno. Wanaoanza kazi hii hushindwa hapo, hujaza ukimya kwa mawaidha, na kijana anapona.

Usimuulize "kwa nini?" Neno hilo humwagiza atafute sababu, na sababu ndizo zilizomlaza. Muulize yale ambayo macho yake yaliyaona: uso wake ulikuwaje mlipomzunguka? Mikono yake aliiweka wapi? Baada ya kumchukulia nauli alifikaje nyumbani? Kijana anayefahamu kwamba kutoka hapo hadi Mbagala Rangi Tatu ni mbali kwa miguu, akilazimika kuyataja hayo kwa kinywa chake, huanza kuona mtu mahali palipokuwa na jina la kubandikwa. Akiisha kuona, uliza jambo moja: "Wewe, kuanzia kesho, unaweza kufanya nini?" Likubali jibu dogo. Kunyamaza wengine wanapoanza ni jibu. Kumwita jina lake ni jibu. Liandike kwa maneno yake kwenye kaunta buku pamoja na tarehe. Mwite tena baada ya siku 3, baada ya wiki, na baada ya wiki 3. Ukiruka hiyo ya siku 3, yeye huona mambo yamekwisha.

Kilichochukuliwa kirudi. Nauli ya siku 12 ni shilingi 2,400. Asilipe mzazi. Kijana apangiwe kulipa kidogo kidogo kutoka pesa yake ya mihogo na maandazi, aipokee mwalimu, imfikie mwenyewe bila hafla yoyote.

Makosa tunayoyaona sana ni matatu, na yote hufanywa kwa nia njema. La kwanza ni kuwaita wote wawili, "ombaneni msamaha, peaneni mikono." Hiyo ni dawa ya ugomvi wa watu wanaolingana. Mwenye nguvu atatoa mkono akitabasamu, na mnyonge ataipokea ahadi ya kitakachompata nje ya geti. La pili ni kumsimamisha mwonevu mstarini. Aibu ni macho ya watu, hatia iko moyoni, na kijana aliyeaibishwa mbele ya shule nzima hana nafasi ya kujisikia hatia, anawaza tu nani alimchoma. La tatu ni fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zimeweka ukomo wa viboko 4, chini ya mamlaka ya mkuu wa shule, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Lakini hata ikitolewa kwa kanuni, kwa kosa hili inamfanya kijana aone amelipa. Amepigwa, hadaiwi tena, na yule mdogo hajarudishiwa kitu. Tena amekumbushwa kwamba mwenye nguvu hupiga, jambo ambalo alikuwa analiamini tangu mwanzo.

Haya yote hayahusu kujeruhi, vitendo vya ngono, wala kupiga picha za utupu na kuzisambaza. Hayo hayakai ofisi ya malezi hata siku moja: mkuu wa shule, mzazi, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, siku hiyo hiyo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, kwa hiyo aliyetenda naye ana haki zake.

Mzazi huona dalili ambazo sisi hatuzioni. Mtoto anayefika nyumbani akakimbilia choo kabla ya salamu huenda hathubutu kuingia choo cha shule. Anayerudi na njaa kali ingawa alipewa pesa, anayefika kwa miguu akiwa na vumbi hadi magotini, anayeumwa tumbo kila Jumapili jioni na kupona Ijumaa, huyo anasema jambo. Usimwambie "mpige na wewe". Akiweza hilo angekwishafanya, na sasa ameongezewa aibu ya kushindwa mbele yako. Usiende kwa wazazi wa yule mwingine, maana ugomvi wa mtaa huanza hapo na watoto ndio wanaoulipia. Andika tarehe, mahali, nani walikuwepo na maneno yaliyosemwa, kisha nenda kwa mwalimu wa darasa ukiwa na karatasi hiyo, na kwa mwalimu wa malezi kama wiki imepita bila jibu. Kama matusi yako kwenye kundi la WhatsApp, piga picha ya skrini yenye saa na majina kabla ya kumtoa mtoto kundini, wala usijibu chochote humo. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kazi inayosahaulika huja Desemba. Madarasa yanapangwa upya, mwalimu wa darasa anabadilishwa, na yale yaliyotulia Oktoba hufufuka wiki ya kwanza ya Januari, kwa sababu jina la kubandikwa halikwenda likizo. Ile kaunta buku ihame pamoja na mtoto. Mwalimu mpya azisome kurasa zake kabla ya kupanga viti, amweke karibu na mmoja wa wale waliomchomoa mwaka uliopita, na siku ya kwanza ya mahudhurio ayaite majina yake mawili, taratibu, kisha asubiri aitikie.